Moshi wa Nyumba ya Nne

"Kila mtu ashike mwenzake," alisema mwongozaji. Alikuwa mtu wa makamo, kipaza sauti kimemning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. "Sisi tunahesabu kwa jozi. Jozi ikipungua ndipo tunajua kuna mtu kapotea."

Ndani ya basi tulikuwa watu ishirini na tisa. Ishirini na wanane walikuwa wafanyakazi wa ofisi moja ya bima, wamepewa siku ya kutembea na kuvalishwa fulana za kijani zenye maneno mgongoni. Wa ishirini na tisa ni mimi, niliyenunua kiti kilichobaki. Wenzangu walishikana haraka: shoga na shoga, meneja na katibu wake, na wawili ambao ilionekana wamengoja mwaka mzima waamriwe kushikana.

"Mzee, mwenzako yuko wapi?"

"Ametangulia."

"Kwenye basi la kwanza?"

"La kwanza kabisa. Mwaka wa sita huu."

Akaelewa, akashusha kipaza sauti. "Basi wewe na mimi ni jozi," akasema, na macho akayapeleka dirishani.

Safari yenyewe inaitwa Vijiji vya Kale. Vijiji vitatu kwa siku moja, saa moja tu kutoka mjini, chakula cha mchana ndani ya bei. Basi lilipovuka kiwanda cha mwisho na nyumba zikaanza kuachana, mwongozaji alisimama tena.

"Kanuni ni mbili. Wale mtakaowakuta ndani ya nyumba ni waajiriwa wetu. Msiwape kitu na msiwapigishe soga, wana maneno yao ya kusema na wageni ni wengi. Ila swali, ulizeni! Swali la mgeni halikataliwi. Mwajiriwa asiyejibu swali anaandikwa."

"Anaandikwa wapi?" nikauliza.

"Mzee umeanza mapema," akasema, na basi zima likacheka.

Sikuwa nimeanza siku hiyo. Nilianza miaka ishirini na mitatu iliyopita.

Kijiji cha kwanza kilikuwa cha wafumaji. Mtambo wa kufumia ulikuwa nyuma ya kamba, na kwenye kamba kibao: USIGUSE. Uzi ulikuwa umeishia katikati ya nguo, na nilipouinamia niliona vumbi limekuwa zito kuliko kitambaa. Cha pili kilikuwa cha wahunzi. Mvukuto ulipumua wenyewe bila mtu. Nilipouzunguka ukuta nikakuta feni. Watu wa bima walipokezana kupiga picha wakiwa wameinua nyundo ya mpira, meno yote nje. Sikuwachukia. Mtu aliyefungiwa ofisini mwaka mzima ana haki ya kuinua nyundo, hata ya mpira. Niliowachukia ni waliomwondoa mhunzi, wakaacha nyundo.

Cha tatu kilikuwa chetu.

Langoni kuna kibao cha mbao: KIJIJI CHA WAFINYANZI. Sikiliza sasa. Kijiji kile hakikuwahi kuwa na mfinyanzi. Chungu tulinunua kwa watu, kama wewe unavyonunua. Sisi tulikuwa waezekaji wa nyasi, baba kwa babu. Wanaume walipanda juu, wanawake walichana nyasi na kupima unene wake kwa kiganja, na hapakuwa na nyumba ya kuheshimika katika nchi ile ambayo haikulala chini ya mkono wetu. Lakini paa haliuziki dukani. Chungu kidogo kinaingia kwenye mkoba. Basi tukafanywa wafinyanzi, wazima na wafu.

Walipokuja mara ya kwanza na ramani zao walituambia kijiji chetu ni urithi. Tukashangilia, wajinga sisi. Mwezi uliofuata wakatuambia kwamba kwa kuwa ni urithi, warithi watoke.

Kaya thelathini na sita tuliapa kutokutoka. Nasema tuliapa, maana kiapo nilikitunga mimi. Nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha kupiga chapa mjini, na elimu yangu yote niliipata kwa kusoma kinyumenyume yale waliyoandika wenye elimu. Nilisimama mbele ya watu nikawaambia: hakuna kutia dole kwenye karatasi yao. Asiyetia dole hana wa kumtoa. Watu wakaitikia mpaka ndege wakaruka. Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, mtu wa kwanza akaenda kwenye meza ya maofisa akatia dole. Kufika saa sita thelathini na tano waliobaki walikuwa kwenye mstari.

Huyo wa kwanza alikuwa dada yangu wa tumbo moja. Akapewa kibali cha kubaki ndani ya kijiji kama mwajiriwa, wengine wakapakiwa kwenye malori. Nami kule kiwandani nikapanga herufi kwa hasira, nikachapa karatasi mia tatu na kuzigawa kote tulikotawanywa: Kikulacho ki nguoni mwako. Sikutaja jina lake. Nilimwita Dole. Watu wakalipenda. Likamshika mpaka jina alilopewa na mama likasahaulika.

Tangu siku hiyo sikusema naye.

Kilichonipandisha basi ni barua. Niliandikia ofisi ya urithi barua kumi na moja, wakanyamaza. Ya kumi na mbili waliijibu. Kibao cha langoni kinachongwa upya mwisho wa wiki ijayo. Kama nataka kiandike kwamba hapa paliishi kaya thelathini na sita za waezekaji na kwamba zilihamishwa kwa nguvu, nilete maelezo yenye sahihi au dole la watu wawili waliozaliwa humo, walio hai. Neno "walio hai" walikuwa wamelipigia mstari. Hawa watu wanajua kusubiri.

Siku ileile nilikimbia kwa binamu yangu, msokota kamba, aliyekuwa amelazwa. Aliniambia, "Njoo kesho, labda mkono utakuwa na nguvu." Kesho yake tukamzika. Tulikuwa watu watano, na wawili kati yetu ni wachimba kaburi. Niliporudi chumbani kwangu nilikaa kitandani na kofia kichwani, nikawapitia watu wetu wote, nyumba ya kwanza hadi ya thelathini na sita, nikitafuta aliye hai. Wakabaki wawili. Mimi na Dole.

Ndiyo sababu mfukoni mwangu siku hiyo mlikuwa na karatasi moja, yenye sahihi yangu tayari, na kidau cha wino cha kupigia mihuri. Dada hajui kuandika.

Mwongozaji alituingiza kijijini, jozi kwa jozi. "Nyumba hizi zina umri wa miaka mia mbili!" alitangaza.

Niligonga ukuta wa nyumba ya kwanza kwa kifundo cha kidole. Saruji. Wameipaka rangi ya udongo, na ndani ya rangi wamenatisha vipande vya majani vionekane. Hiyo ilikuwa nyumba ya binamu, msokota kamba. Paa lake lilikuwa nyasi za plastiki, zote urefu mmoja, zimefungwa kwa vibanio vya plastiki. Nyumba ya pili ilikuwa ya yule tuliyemwita Mguu-Ngazi, kwa kuwa hakuwahi kupanda paa kwa ngazi. Saruji. Ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja aliyeweza kumgombeza mtu aliye bondeni bila kunyanyuka kitini, naye tulimwita Redio. Saruji, na pale alipokuwa akikaa wameweka pipa la takataka lenye umbo la chungu.

Halafu nikasikia harufu ya moshi.

Mtu aliyekulia chini ya nyasi haambiwi moshi ni nini. Niliufuata kabla sijauona. Nyumba ya nne, mlango umeelekea bonde, na juu ya paa jeusi moshi ulikuwa unachujika polepole, haukuwa na bomba, ulipita katikati ya nyasi zenyewe kama jasho. Nyumba ya mama.

Tuliingia wote ishirini na tisa. Watu wa bima wakaanza kukohoa na kufuta macho.

Alikuwa ameketi kando ya meko, amevaa sare ya kahawia, na kifuani kitambulisho: MAMA MFINYANZI. Mbele yake bonge la udongo lililokauka mpaka likapasuka. Lilikuwepo kwa ajili ya picha. Mgongo ulikuwa umempinda. Mikono ilikuwa ileile. Alinyanyua uso, macho yake yakapita kwenye fulana za kijani moja baada ya moja, yakafika kwangu, yakapita.

"Karibuni wageni. Hii ni nyumba ya mfinyanzi. Hapa mama wa nyumba alifinyanga vyungu vyake mchana kutwa, na watoto wake waliketi kuuzunguka moto huu, wakimsikiliza..."

"Mama hakuwahi kufinyanga hata kibia cha kufunikia chungu," nikasema.

Dada hakubadili sauti. "Mgeni ana swali?"

"Sina swali. Nina neno."

"Maneno ni ya mwajiriwa. Mgeni ana swali?"

Watu wakaangua kicheko. Meneja akamnong'oneza katibu wake, kwa mnong'ono wa mtu aliyezoea kusikika, "Hawa wamepangwa. Yule mzee ni mwigizaji, huoni hana fulana?" Mmoja akapiga makofi. Mwongozaji, ambaye alijua vyema kuwa sikupangwa na mtu, alinishika kiwiko. "Jozi yangu," akasema kwa meno, "usiniharibie kazi. Nina watoto wanne."

Moshi ndio uliotuokoa. Kikohozi kiliwatoa wageni nje mmoja mmoja, na mwongozaji akawatangazia nusu saa ya kununua vyungu dukani. Mimi nilibaki. Alinitazama, akamtazama dada, akatazama saa. "Nusu saa," akasema, akatoka na kuurudisha mlango nyuma yake. Sikulitarajia hilo kwake.

Tukawa wawili.

"Umezeeka vibaya," alisema dada.

"Nawe umevaa jina la mtu asiyekuwepo."

"Hili la kifuani silo baya. Jioni nalivua, nalitundika pale. Lile uliloniachia wewe lilikuwa halivuliki." Akasogeza kuni kwa ncha ya kidole. "Kaa, mdogo wangu. Usisimame kama askari kanzu."

Nilikaa. Hakuna aliyeniita mdogo wangu tangu siku ya malori. Nilitoa karatasi haraka, nisije nikalegea, nikamsomea. Kaya thelathini na sita. Waezekaji. Kwa nguvu. Nikamwambia habari ya binamu, na jinsi tulivyobaki wawili, na mwisho wa wiki. Nikaweka kidau cha wino juu ya jiwe la meko.

"Binamu amekufa," akasema.

"Wiki iliyopita."

"Hukuniletea habari."

"Sikuwa..." Sikumaliza.

"Huwa siletewi." Alisema bila uchungu, kama mtu anayesema hapa hakuna maji ya bomba. "Nawajua waliokufa kwa kuhesabu wasiokuja. Redio alikuja mara mbili, Mungu amrehemu, akalipa kama mgeni, akanitukana kuanzia langoni hadi hapa. Nilifurahi sana."

Nikacheka. Sikukusudia. Kicheko kikaingiza moshi kifuani, nikakohoa mpaka machozi, na nilipoinua kichwa kutafuta hewa ndipo nilipoona juu.

Nyumba zote nilizopita zilikuwa na vibanio vya plastiki. Hapa palikuwa na fito, fito zenyewe, nyeusi na zinang'aa masizi kama zimepakwa lami. Na kwenye mwamba wa paa, juu kabisa, fundo la baba. Kila mwezekaji ana fundo lake la kumalizia, na la baba lilizunguka mara tatu na kurudi nyuma mara moja. Chini yake la mama, fupi, limekazwa kama kifungo. Na chini ya hilo mafundo mawili ya ovyo, yamelegea, moja limeelekea huku na jingine kule. Dada alikuwa na miaka kumi. Mimi nilikuwa na saba, baba amenibeba mabegani ili nifike.

"Ni lilelile," nikasema. "Paa ni lilelile."

"Sasa ulidhani ni lipi?"

"Zile nyingine..."

"Zile nyingine zilikaa bila moto mvua mbili." Akanitazama kwa mara ya kwanza kama dada mkubwa anavyomtazama mjinga wa nyumbani. "Mdogo wangu, wewe ni mtoto wa nani? Nyasi bila moshi zinakuwaje?"

Nilijua. Mtoto yeyote wa kijiji kile alijua kabla ya kujua kuvaa. Moshi unafukuza mchwa na wadudu, unakausha kamba, unaifanya nyasi kuwa ngumu. Mama alikuwa akituamsha alfajiri kabla ya chai: washeni moto, paa lina njaa. Paa likikosa moshi msimu mmoja linaanza kunong'ona, wadudu wakilitafuna. Msimu wa pili linakaa chini. Nilijua yote hayo. Na katika miaka ishirini na mitatu ya kuandika na kupanga herufi na kuhutubia vyumba vyenye watu wanane, sikuwahi hata siku moja kujiuliza ni nani anayeliwashia.

"Walipoleta meza yao," akasema dada, "nilimwuliza ofisa: tukikataa wote? Akasema, mtatolewa wote na mabuldoza. Na tukikubali? Mtatolewa wote kwa malori, ila tutabakiza mmoja wa kutunza, na wa kwanza kutia dole ndiye atakayechagua nyumba. Nikarudi nikalala. Usingizi haukuja. Asubuhi nikaenda."

"Ungeniambia."

"Ilikuwa Jumatatu."

Sikuelewa.

"Wewe ulikuwa unakuja Jumamosi na makaratasi," akasema taratibu. "Watu wanapiga makofi. Jumapili jioni unapanda basi unarudi kwenye kitanda chako mjini. Kiapo chako kilikuwa kizuri, mdogo wangu, mpaka leo nakikumbuka chote. Lakini moto wa Jumatatu nani aliuwasha?"

Mimi nina jibu la kila kitu. Waulize walionijua. Ofisa hajawahi kuniacha bila jibu, wala polisi, wala padri. Nilitazama makaa.

Akasimama kwa shida, akapanda kigoda, akaingiza mkono kati ya fito na nyasi. Akatoa karatasi iliyokunjwa, kahawia kama jani la tumbaku, akaniwekea mkononi. Niliijua kwa kuigusa. Karatasi nzito ya kiwandani kwetu, ile tuliyotumia kwa kadi za harusi, maana nilitaka idumu. Kikulacho ki nguoni mwako. Herufi zilikuwa zimenyooka vizuri. Haikuliwa hata na nondo mmoja.

"Nilisomewa na msichana wa dukani," akasema. "Nikamwambia asome tena. Akasema, bibi, huyu mtu ana chuki lakini anaandika vizuri. Nikamwambia ni mdogo wangu."

Nje nilisikia watu wa bima wakibishana bei ya vyungu. Dada alirudi kukaa, akavuta karatasi yangu mpya magotini. Akafungua kidau cha wino. Akabonyeza dole gumba ndani yake, akalizungusha vizuri, kama mtu anayekumbuka.

"Mwajiriwa akitia dole kwenye malalamiko dhidi ya ofisi," akasema, "anatolewa siku hiyohiyo. Ipo kwenye karatasi nyingine niliyotia dole. Wana hamu na jambo hilo. Wageni wanakohoa, na kuna mtu kaja kupima pembe za chumba waweke taa nyekundu ya umeme inayochezacheza kama moto. Wanachongoja ni mimi kutoka." Dole lilikuwa hewani juu ya karatasi, la bluu, linang'aa. "Sasa sema. Ukiniambia nitie, natia sasa hivi, na utapata kibao chako. Mvua mbili baadaye utakuja kukisoma langoni, na huku ndani utakuta saruji. Ukiniambia nisitie, langoni wataendelea kutuita wafinyanzi mpaka mwisho wa dunia. Sitachagua mimi. Safari ile nilichagua peke yangu na ukanichapa nakala mia tatu."

Kweli ile nilikuwa nimeitafuta kwa miaka ishirini na mitatu. Barua kumi na mbili. Niliwazika watu nikiwaahidi kibao hicho. Nilimwinamia binamu kaburini nikamwambia lala, kitaandikwa. Na chini ya fundo la baba palikuwa na fundo la ovyo la mtoto wa miaka saba.

"Sema, mdogo wangu. Wino unakauka."

"Usitie," nikasema.

"Kwa sauti."

"Usitie, dada."

Hakutabasamu. Kisha akalisugua dole kwenye majivu ya meko, mara moja, mara mbili, wino haukutoka. Nilichukua karatasi nikaikunja, nikaitia mfukoni ikiwa na sahihi moja. Nilitaka kuomba msamaha. Neno nililipanga, herufi kwa herufi, kama zamani, na lilikuwa limefika kwenye meno mlango ulipofunguliwa.

"Jozi yangu!" alisema mwongozaji. "Nimehesabu mara tatu, aliyepotea nikaona ni mimi. Twende, kundi lingine liko nyuma."

Kundi lingine lilikuwa mlangoni tayari, kofia nyeupe, kamera. Dada alishanyosha kitambulisho kifuani.

"Karibuni wageni," akasema. "Hii ni nyumba ya mfinyanzi." Na akainua mkono kuonyesha meko, dole la bluu juu kama taa.

Nilisukumwa nje na wanaoingia.

Kibao kipya kimewekwa. Nimekiona. Mbao nzuri, herufi za kuchonga, na wafinyanzi sasa tumeongezewa neno "mashuhuri". Aliyechonga hakupima nafasi baina ya herufi, ningemfundisha.

Nimekiona kwa sababu narudi. Kila Jumatano ya kwanza napanda basi lile, jozi yangu ananiwekea kiti. Siruhusiwi kubaki nyuma tena. Tangu siku ile mlango haufungwi, na askari wa lango anasimama pale. Kwa hiyo naingia na kundi, siku moja walimu, siku nyingine wauza magari. Nasimama nyuma kabisa, dada anasema maneno yake mpaka mwisho. Kisha anauliza, kama anavyotakiwa kuuliza:

"Kuna mgeni ana swali?"

Nanyosha mkono.

"Bibi, kijiji hiki kilikuwa na nyumba ngapi?"

"Thelathini na sita," anajibu. Swali la mgeni halikataliwi.

"Na wenyewe walikwenda wapi?"

"Walipakiwa kwenye malori, siku ya Jumatatu."

Hapo mmoja au wawili hutazama kuta. Mwongozaji hujikuna sikio akatazama juu. Swali moja la ziada nimeruhusiwa naye, mawili akiwa na moyo mzuri. Mwezi jana niliuliza kazi ya watu wale ilikuwa nini, dada akaeleza waezekaji ni watu gani, mpaka muuza magari mmoja akainua kichwa na kuyaona mafundo mwenyewe, akauliza ya nani yale. Dada akataja moja baada ya jingine. Alipofika kwenye la mwisho akasema, "La mdogo wangu. Alikuwa hajui kufunga."

Na hayo ndiyo maongezi yetu. Dakika nne kwa mwezi, mbele za watu. Kikohozi chake kimeshuka chini zaidi kifuani, nakisikia, na lipo swali moja ambalo kila Jumatano nalibeba hadi mlangoni na kurudi nalo: dada, ukichoka, nani atauwasha? Siliulizi. Anatakiwa kujibu.

Kisha kundi linatoka kwenda dukani, wawili wawili. Ndani ya basi nakaa kiti cha nyuma, upande wa bonde. Wenzangu wanafungua karatasi za vyungu vyao, wanaonyeshana. Barabara inapopinda, kwa muda mfupi kijiji kizima kinaonekana, mapaa thelathini na sita. Natafuta moja linalotoa moshi. Nikiliona, nageuka mbele.